Nimeliandika jina lake mwenyewe
Jana nimekesha na kurasa tatu tu za Kijerumani; neno moja limenishika saa nzima, chai ikapoa. Nikamkumbuka mfasiri Dorothea Tieck, aliyezaliwa Berlin mwaka 1799. Ndiye aliyeitafsiri tamthilia ya Macbeth kwa Kijerumani, na soneti za Shakespeare pia. Kihispania nacho alikijua, akamtafsiri mwandishi Cervantes. Lakini ile mikusanyo ya tamthilia za Shakespeare kwa Kijerumani ilitoka na majina ya mfasiri Schlegel na baba yake, Ludwig Tieck. Lake halimo! Amefariki Dresden 1841, ana miaka 41 tu. Inaniuma kweli. Asubuhi nimefungua nakala yangu kuukuu ya mkusanyo huo, nikachukua penseli, chini ya jina la baba nikaandika taratibu: Dorothea.