Nilivyoweka picha za mwani kwenye slaidi bila laptopu kuganda

Ripoti yangu ya fildi ilikuwa kuhusu ugonjwa wa mwani kule Paje, Zanzibar, na huo ugonjwa bila picha huwezi kuueleza ukaeleweka, yaani tawi linaanza kupauka, linakuwa jeupe halafu linakatika lenyewe. Bamvua likifika, maji yakishatoka, nilikuwa naingia shambani na kina mama na simu yangu, mama mmoja akawa ananielekeza, "mwanangu piga hapa, huu ushaanza kuumwa".

Nikarudi na picha zaidi ya 30. Kosa la kwanza nikajitumia zote kwa WhatsApp ili nizifungulie kwenye laptopu, kufika kwenye slaidi nikiivuta picha iwe kubwa naona ukungu tu, tawi zima na tawi gonjwa hata huzitofautishi. WhatsApp ukituma picha kawaida inaibana. Nikachukua waya wa USB nikazihamisha upya kama zilivyo (ukikosa waya, tuma kama dokumenti, haziguswi).

Sasa zikawa safi lakini kila moja ina karibu MB 4, faili likapita MB 100, laptopu yangu ya RAM ya GB 4 ikawa inaganda kila nikibadilisha slaidi, na kumtumia msimamizi kwa Gmail haiwezekani maana mwisho wa kiambatisho ni MB 25. Niliumia kweli, zilikuwa zimebaki siku mbili.

Dada wa steshenari ndo aliniokoa. Akaniuliza, "mdogo wangu, unajua projekta inaonyesha kiasi gani?" Picha ya simu yangu ni pikseli 4000 kwa 3000, projekta nyingi nzuri zinaishia 1920 kwa 1080, kwa hiyo nilikuwa nabeba mzigo ambao hakuna mtu atauona. Kwenye PowerPoint ukibofya picha inatokea sehemu ya Picture Format, humo kuna Compress Pictures. Akatoa tiki kwenye ile ya picha hii peke yake ili ishike zote, akaacha tiki ya kufuta sehemu zilizokatwa, akachagua 150 ppi (yaani pikseli kwa kila inchi). Hiyo ya sehemu zilizokatwa sikuijua kabisa, kumbe ukikata picha kile kipande kinabaki humohumo kwenye faili na uzito wake. Ila tunza nakala kwanza, maana kikishafutwa hakirudi. Faili likashuka hadi MB 14.

Usiku ule nikapanga upya. Slaidi ya muhimu nikaweka picha mbili tu, kushoto tawi zima kulia tawi gonjwa, zote nimezikata zibaki na tawi na kamba linayofungiwa, na ukitaka kupunguza picha shika kwenye kona, ukivuta ubavuni mwani unarefuka vibaya. Maandishi nikayatoa juu ya picha nikayashusha chini. Picha zenye sura za kina mama niliweka zile walizoniruhusu peke yake.

Siku ya kuwasilisha mwalimu mmoja alinisimamisha akasema rudisha ile slaidi, akainuka akasogea mpaka ukutani akaweka kidole pale weupe unapoanzia, akaniuliza hapa maji yalikuwa na joto kiasi gani. Tukakaa kwenye slaidi hiyohiyo karibu dakika kumi.