Nilisema "mafua tu" mara tatu

Jumanne asubuhi mimi na Baba tulikwenda kuchanjwa chanjo ya mafua. Tuliingia kliniki kabla ya saa tatu, na saa nne haijagonga tulikuwa tumeshatoka. Sindano yenyewe huwezi kuhesabu hadi tano kabla haijaisha. Lakini kwangu mimi safari hii ni nzito kila mwaka, na leo nimeona niandike sababu yake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno moja kwa mambo mawili. Kuna mafua ya kamasi na chafya, ya siku tatu nne, unayoamka nayo, unafanya nayo kazi, mpaka yanaondoka yenyewe. Halafu kuna homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, inayomwangusha mtu ndani ya saa chache: joto linapanda, viungo vyote vinauma, kikohozi kikavu, hata kushika kikombe ni kazi. Zote tunaziita mafua, kisha tunaongeza "tu". Miaka miwili iliyopita nilisema "mafua tu" mara tatu ndani ya siku nne, na nusura nimpoteze baba yangu.

Nilianza kuugua mimi. Nilikuwa na miaka 43, mzima, na chanjo hii nilikuwa naihesabu kuwa ya wazee. Nikalala siku mbili, nikainuka. Ila naishi na Baba, ambaye ana ugonjwa sugu wa mapafu na hupanda ngazi kwa vituo. Yeye ndiye aliyekuwa mzee, na hata yeye sikuwa nimempeleka. Nilijitenga naye nilipoanza kuhisi homa, nikaamini nimefanya la kutosha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja kabla hajaona dalili yoyote. Jioni ile, kabla sijahisi chochote, tulikuwa tumekaa bega kwa bega tukitazama taarifa ya habari.

Akaanza kukohoa. Nikamwambia mdogo wangu kwenye simu, mafua tu. Nikamwambia jirani, mafua tu. Mara ya tatu nilimwambia Baba mwenyewe, aliponiuliza kama haikuwa vizuri twende hospitali. Usiku wa siku ya nne nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, na midomo imegeuka rangi.

Daktari hakunilaumu, na mimi nilitamani anilaumu. Alieleza taratibu kwamba dawa za kupambana na virusi hivi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Walimpa hata hivyo. Ila virusi vilikuwa vimeshajeruhi utando wa njia ya hewa, bakteria wakapata pa kupita, ikawa nimonia. Tulikaa wodini siku 11. Mpaka leo nikisikia mtu anavuta pumzi kwa shida, hata kama ni kwenye redio, nasimama.

Tangu hapo tunakwenda wote wawili, kabla msimu haujaanza.

Nesi wa safari hii alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwanangu." Akamuuliza Baba kama ana homa leo, kama chanjo yoyote imewahi kumletea mzio mkali, na dawa anazotumia ni zipi. Baba akajibu yote kwa ukamilifu, kisha akarudisha swali lake. "Mwaka jana nilichanjwa. Pepopunda hawanichanji kila mwaka. Kwa nini hii?"

Niliipenda sana namna alivyomjibu. Hakumharakisha. Alisema kinga ya chanjo hii hupungua kadiri miezi inavyopita, na virusi vyenyewe hubadilika, kidogo kidogo, mpaka mwili hauvitambui tena. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa zile za kusini, Shirika la Afya Duniani huwakutanisha wataalamu wakachagua virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Siku hizi chanjo nyingi hubeba vitatu: viwili vya kundi A, yaani H1N1 na H3N2, na kimoja cha kundi B, ukoo wa Victoria. Zamani kidogo vilikuwa vinne. Ukoo wa pili wa kundi B, Yamagata, haujathibitishwa kwa mgonjwa yeyote tangu Machi 2020, miezi ile dunia ilipojifungia ndani na kuvaa barakoa, kwa hiyo wakaanza kuuondoa. Hilo la Yamagata nililirudia kichwani njia nzima ya kurudi. Ukoo mzima umenyamaza, pengine kwa sababu watu walikaa mbalimbali.

Akafungua jokofu dogo, lakini kabla ya kuchukua chochote aliinama akasoma kipimajoto kilichoning'inia ndani. Nyuzi 5. Chanjo hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Akatoa bomba la sindano lililokuja limeshajazwa, akampa Baba asome mwenyewe jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Baba akavaa miwani, akasoma kwa sauti, akamrudishia. Dawa yote ni nusu mililita, haijai hata kijiko cha chai.

"Legeza mkono, mzee wangu. Uache uanguke." Akapapasa mfupa wa bega, akashuka upana wa vidole viwili, akasafisha kwa pamba yenye spiriti, akasubiri ngozi ikauke. Sindano ikaingia moja kwa moja, wima, ndani ya msuli. Baba alikuwa anatazama dirishani. Aligeuka kuuliza kama ataanza, na nesi alikuwa ameshatupa bomba kwenye kisanduku cha usalama. Kisha zamu yangu.

Tukaambiwa tusubiri dakika 15 kwenye benchi, kwa sababu mzio mkali, ambao ni nadra sana, kwa kawaida hujitokeza mapema. Hapo ndipo mama mmoja aliyekaa pembeni yetu aliposema yeye amemsindikiza mumewe tu, hachanjwi, kwa kuwa mwaka fulani chanjo ilimpa mafua. Nilimwelewa, maana nami nilikuwa nikisema hivyohivyo. Nilimwambia ninachokijua: chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, haviwezi kuzaliana mwilini. Mkono kuuma, uchovu, pengine homa ndogo kwa siku moja au mbili, hayo hutokea. Mwili unahitaji kama wiki mbili kutengeneza kingamwili, na katika wiki hizo mtu anaweza kuambukizwa na aliyekaa naye kwenye basi. Alinisikiliza. Hakusema atachanjwa, wala sikumsukuma.

Sikumficha pia kwamba chanjo hii haizuii kila kitu. Msimu ambao virusi vilivyochaguliwa vinafanana na vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Wapo wanaoisikia namba hiyo na kusema ni ndogo. Mimi nimekaa siku 11 kwenye kiti cha plastiki nikihesabu pumzi za mtu, na siioni ndogo hata kidogo. Mwaka jana Baba alipata homa ya mafua pamoja na kuchanjwa. Safari hiyo nilimpeleka siku ileile, akapewa dawa, akalala nyumbani kwenye kitanda chake siku nne, akapona. Siwezi kuapa ni chanjo au ni dawa au ni vyote. Najua tu kwamba usiku alikuwa analala chali.

Jumatano mkono wangu wa kushoto uliuma kila nilipovaa nguo. Wa Baba haukuuma kabisa, na amelisema hilo mara kadhaa kwa fahari.

Kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia duara siku ya 14. Mdogo wangu amejifungua, mtoto ana miezi mitatu, na wachanga wa chini ya miezi sita hawachanjwi chanjo hii. Alichanjwa mama yake akiwa na mimba, ili ampitishie mtoto kinga. Baba ana hamu ya kumbeba mjukuu huyu na anauliza kila asubuhi wanakuja lini. Namwonyesha duara.