Siti ya babu imerudi barabarani

Wadau, siti ya ngozi yenye springi, ya baiskeli ya Raleigh ya marehemu babu, ilikuwa imekaa darini Kongwa miaka na miaka. Ngozi kavu kama kibuyu, katikati imebonyea, mbavu zimetanuka.

Nilianza na mafuta ya alizeti. Ikalegea zaidi, ikanuka. Nikakaza nati ya chini ya pua ya siti (ncha ya mbele), ile inayovuta ngozi. Ngozi ikalia, nikaacha haraka.

Kusugua kwa mswaki ndiko kulikofichua herufi ubavuni: BROOKS. Kumbe ni ya kampuni ya siti za baiskeli iliyoanzia Birmingham, Uingereza. Basi si ya kutupa!

Nikafuta mafuta, nikaifunika kwa kitambaa chenye unyevu usiku kucha (unyevu tu, usiloweke). Asubuhi nikaikanda, nikazifunga mbavu kwa mpira wa tyubu. Halafu siku tatu kivulini, ndani. Jua la Dodoma lingeipasua. Springi nilizisugua kutu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa.

Ilipokauka nikapaka nta ya nyuki, hasa upande wa chini, usiong'arishwa. Huko ndiko ngozi inakokunywa nta. Mwisho nati, robo mzunguko tu.

Jana nimeiendesha hadi sokoni. Inalia kwiikwii, lakini haibonyei.