Kutoka Rusumo hadi Murambi

Nilivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kwa miguu, asubuhi na mapema. Chini yake mto Kagera ulikuwa unanguruma, maji mekundu ya udongo. Sisi watu wa Ngara hatuwezi kuutazama mto ule hivihivi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, ulishusha maiti hadi Ziwa Victoria.

Kigali sikukaa. Pale Nyabugogo nilipanda basi la Huye, mji ambao zamani ukiitwa Butare, wenye chuo kikuu. Mama niliyekaa naye alikijua Kiswahili vizuri. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia ni mwalimu, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu wetu alikuwa anatusimamisha darasani, Wahutu kwanza, kisha Watutsi," akasema. "Anahesabu, anaandika."

Nilimpa pole. Sikuwa na neno jingine.

Huye ni mji mtulivu, wenye miti mikubwa. Aprili 1994 mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, aliyazuia mauaji pale kwa takriban wiki mbili, hadi alipoondolewa. Tarehe 19 rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, akaja kuhutubia, na mji ukageuka machinjio. Sindikubwabo alikuwa daktari wa watoto. Siku chache baadaye wagonjwa Watutsi waliuawa katika hospitali ya chuo kikuu. Mtaani Tumba, ufunguo wa ofisi walimofungiwa watu kabla ya kuuawa ulikuwa kwa Sosthène Munyemana, daktari wa magonjwa ya wanawake. Desemba 2023 mahakama ya Paris ilimhukumu kifungo cha miaka 24. Miaka yote ile alikuwa Ufaransa, anatibu watu! Nilitembea mitaa ile nikiwa na hasira, nakiri.

Kesho yake nikaenda Murambi, karibu na Nyamagabe. Ni shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa. Viongozi waliwaambia Watutsi wakimbilie huko watalindwa, kisha maji yakakatwa, na alfajiri ya tarehe 21 Aprili wauaji wakaingia. Walikufa maelfu kwa maelfu.

Mwongozaji alinifungulia mlango. Miili iliyohifadhiwa kwa chokaa ilikuwa imelazwa juu ya meza za mbao, mingine mifupi mno. Mtoto mmoja alikuwa bado ameuziba uso kwa mkono. Chumba kilitosha wanafunzi arobaini, kama changu, na bila kutaka nikajikuta naangaza macho ukutani nikitafuta ubao.