Kaote jua kwanza, mdogo wangu

Juzi usiku mvua inapiga bati huku Mtwara, mvua ya Januari ile mpaka humsikii mtu wa chumba cha pili anasema nini, simu ikaita. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Oulu kule Finland anasoma, kaondoka Agosti. "Shikamoo dada." "Marahaba, mzima?" Akanyamaza. Yaani alivyonyamaza tu nikajua, maana ule ukimya mimi nishaukaa, tena mji huohuo, nilisoma kule miaka miwili nikala baridi mbili nzima.

Baadae akaja kusema dada mi sijui nina nini, homa sina, sijagombana na mtu, ila nalala masaa kumi na moja na nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala, nakula mikate na biskuti tu, hata simu ya mama naiangalia inaita mpaka inakata. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, au nimerogwa? Au imani imepungua?

Niliongea nae mpaka bando likakata. Sasa nayaandika hapa yote niliyomwambia na yale ambayo sikuwahi kumwambia, kwa sababu kila mwaka kuna watoto wetu wa kusini huku wanaondoka kwenda nchi za baridi, wanasindikizwa vizuri, wananunuliwa koti zito na soksi za sufu, ila hakuna anaewaambia habari ya giza.

Baridi unaivalia koti, ikishafungwa zipu imeisha hiyo. Giza ndo shughuli. Oulu ipo juu huko kwenye ramani, digrii 65 kaskazini, Desemba jua linatoka kwenye saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana limeshazama, masaa matatu na nusu tu, na hilo jua lenyewe halipandi, linatambaa chini chini usawa wa miti kama jua letu la saa kumi na moja na nusu jioni halafu linaondoka, na hapo nazungumzia siku isiyo na mawingu. Sisi Mtwara tupo digrii 10 kusini, mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni vinapishana saa moja na kidogo basi, mtu anaweza kuishi Mikindani mpaka anazeeka asijue kama mchana huwa unapungua. Mimi nilikuja kushtukia kwenye sala. Adhuhuri saa sita na robo, alasiri hapohapo, saa nane mchana na dakika zake magharibi imeingia, sala tatu ndani ya masaa mawili, ukitoka darasani mchana unakuta nje usiku. Nilimpigia mama nikamwambia nimeshaswali magharibi akanijibu mwanangu hiyo saa yako ipeleke kwa fundi.

Na lile giza lina kazi linaifanya mwilini. Ndani ya ubongo tuna kitu kama saa, inaamua mtu alale muda gani aamke muda gani ale muda gani, na hiyo saa inasetiwa na mwanga unaopita machoni. Giza likiingia mwili unamwaga homoni inaitwa melatonini, ndo inayoleta usingizi, mwanga wa asubuhi ukija inakatwa. Sasa kama umeamka saa moja, umeenda chuo saa mbili, mpaka saa nne jua halijatoka, mwili wako unajua bado usiku, we unatembea lakini ndani mtu amelala. Wafini wenyewe wana neno kabisa la hicho kipindi, kaamos, na huzuni inayokuja nayo wanaijua, wanaizungumza kama sisi tunavyozungumza malaria.

Kuna daktari anaitwa Norman Rosenthal, Mwafrika Kusini, alihamia Marekani miaka ya 1970 akakuta kila baridi ikifika nguvu zinamwisha na jua likirudi anakuwa sawa. Alikuwa mtu aliyetoka kwenye jua kama sisi, na nadhani ndo maana alishtuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakauandika rasmi ule ugonjwa, sonona ya msimu, wakaonyesha kwamba mwanga mkali unasaidia. Nilipokuja kulisoma hilo nililia. Kumbe miezi yote ile nilikuwa najiita mvivu, najiita mtu asiye na shukrani maana nyumbani walijichanga nauli, na kumbe ni kitu kina jina na kina sababu. Kwahiyo mdogo wangu hujarogwa, na imani yako ipo palepale ilipo. Umekosa mwanga.

Sasa ufanyeje. Kwanza nikukumbushe bibi. Unakumbuka kipupwe, mwezi wa sita wa saba, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini asubuhi mpaka watoto wanavaa masweta, bibi alikuwa akimaliza tu kunywa uji anatoa mkeka wake anakaa upande wa mashariki wa nyumba pale Mikindani, khanga moja kichwani moja mabegani, anaota jua. Ukimwita kuna kazi jikoni anakwambia niacheni niote jua kwanza. Sisi tulidhani ni mambo ya uzee. Mi sasa hivi nakwambia yule bibi ambaye hakusoma alikuwa anajua kitu ambacho mimi nilikijua baada ya kuumia, kwamba jua la asubuhi linatangulia, kazi inafuata. Tofauti ni kwamba huku jua linakufuata mlangoni na kule inabidi ulifuate wewe, na lina masaa yake, ukilikosa mpaka kesho.

Kwahiyo saa tano mpaka saa saba mchana kila siku uwe nje, hata nusu saa. Kila siku, hata kuna mawingu. Usiseme leo hamna jua. Mwanga unapimwa kwa laksi, chumbani kwako na taa imewaka unapata laksi mia chache tu, nje mchana mara nyingi hata kukiwa na mawingu unapata zaidi ya hapo, jua letu la saa sita hapa Shangani ya Mtwara linafika laki moja. Theluji ikishaanguka ndo vizuri zaidi kwa sababu inarudisha mwanga juu, mji wote unakuwa mweupe, mi mwezi mbaya kwangu ulikuwa Novemba, giza limeshaingia na theluji bado, chini lami nyeusi juu mawingu meusi mvua ya baridi katikati. Desemba nilikuwa nafuu.

Pili, taa. Kuna taa maalumu za mwanga mkali, laksi elfu kumi, kule zinauzwa kwenye maduka ya kawaida ya vifaa vya umeme, na maktaba nyingine wanaweka unakaa tu unasoma. Asubuhi ukiamka unaiweka mezani karibu, umbali wa mkono hivi au kama maelekezo yake yanavyosema, unakunywa chai mbele yake nusu saa, huikodolei macho, inakupiga usoni tu wewe unaendelea na yako. Asubuhi, sio usiku, usiku itakufukuza usingizi. Na kama una ugonjwa wa macho, au una yale maradhi ya mtu kupanda furaha kupitiliza halafu kushuka, muone daktari kabla hujaiwasha. Mimi ilichukua kama wiki moja na nusu hivi, siku moja nikajikuta nafua huku naimba, nikasimama nikajiuliza nimeanza kuimba lini.

Ila hapa ndo pagumu na napenda unielewe vizuri. Siku mbaya hutajisikia kutoka. Hutajisikia kuwasha taa, hutajisikia kuoga. Ukisubiri ujisikie kwanza ndo utoke, utasubiri mpaka Aprili. Fikiria watu wa korosho, Oktoba ile, hakuna anaeamka alfajiri anajisikia kuokota korosho mgongo unauma vile, anaamka anaenda anaokota, mwili unachangamka hukohuko chini ya mkorosho. Na wewe vaa viatu tu. Usijiambie natembea saa nzima, jiambie navaa viatu, ukishavaa fika mpaka pale kwenye taa za barabarani, ukifika pale mwenyewe utaenda mbele. Oulu ni mji wa baiskeli, wanasafisha njia za baiskeli theluji ikianguka, wazee wa miaka sabini wanapita, mi nilianza kwa kutembea baadae nikanunua baiskeli kuukuu na matairi yenye misumari, na nafikiri ile baiskeli ilinisaidia sawasawa na taa.

Na muda wa kuamka ushike mmoja. Jumamosi isikudanganye. Mchana ukizidiwa lala dakika ishirini uweke alamu, usilale saa nane ukaamka saa kumi na mbili, hapo usiku hulali tena na kesho mzunguko umeanza upya.

Chakula, najua unachotaka ni ngano na sukari, mwili wenye giza ndo unavyodai, usijilaumu, ila changanya. Kule samaki wapo wazuri, samoni na wengine wadogo kama dagaa wanakaangwa hivihivi na kichwa, ukila unakumbuka feri. Maziwa ya kule tangu 2003 yanawekwa vitamini D, kunywa, na waulize kwenye kituo cha afya habari ya vidonge, ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza hiyo vitamini na jua la baridi kule haliwezi hata ukikaa nje siku nzima. Sisemi ni dawa ya huzuni, nasema usiikose.

Halafu watu. Hili mi nilichelewa. Nilikuwa najificha, nasema nikikaa sawa ndo nitaenda kwao, na kulikuwa na Watanzania wanne mji uleule, Wakenya, Wasomali. Siku moja mmoja wao akanigongea kaja na unga, akasema mimi ugali sijui kusonga vizuri njoo unisaidie. Nilijua anadanganya, msichana wa Newala huyo. Tukasonga, tukala na samaki wa kopo na nyanya, nikatoa zile korosho mama alizonifungia kwenye mfuko wa plastiki tatu tatu, kuanzia hapo kila Jumamosi ni kwangu au kwake. Hatukuwa tunazungumza huzuni wala nini. Tunapika tu. Wewe usisubiri ugongewe, kagonge.

Na sauna usiione aibu, wanawake wana zamu yao wanaume yao, kwenye hosteli za wanafunzi ipo chini unaandikisha muda wako. Ukiingia mle joto linakupiga kama Mtwara Februari kabla mvua haijashuka, nilikuwa nafumba macho namuona mpaka nahodha wa kivuko cha Msangamkuu.

Ngoja niseme na hili kwa walioko hukuhuku nyumbani, maana msidhani nawazungumzia wa Ulaya tu. Kipindi hiki cha kwetu nacho kina uzito wake, mvua, matope, hela ya korosho imeshakwisha na ada za Januari zimefika, unamkuta mtu kajifungia ndani siku tatu na wenzake wanasema ana nongwa. Hiyo sio sonona ya msimu ya kule, jua tunalo, ila mtu aliyejifungia ni mtu aliyejifungia. Mimi jirani yangu akikaa kimya hivyo nampelekea ming'oko ya moto, vile viazi vyetu vya porini, nakaa barazani kwake mpaka atoke. Anatoka.

Ila kuna mahali mkeka wa bibi na taa na ugali haviwezi. Kama zimepita wiki mbili na kila siku ni nzito mpaka chuo huendi, au umeanza kufikiria kwamba bora usiwepo, hapo mdogo wangu usijitibie wala usinisubiri mimi nipate bando. Siku hiyohiyo nenda kwa daktari, kule wanafunzi wana huduma yao ya afya na wanayo watu wa kuongea nao, na kama ni huku Mtwara nenda hospitali ukaseme hivyohivyo, siwezi kulala, nafikiria kufa. Sema kwa maneno hayo. Si aibu. Mimi baridi ya pili nilienda, nilikaa na yule mama wa Kifini wiki sita tunaongea kwa Kiingereza cha kuokoteza wote wawili, na alikuwa ananiuliza kila mara umetoka nje leo? Nikawa nasikia kama bibi.

Kitu kimoja cha mwisho nilimwambia kabla simu haijakata, na kilinisaidia mimi kuliko vyote kwenye mwezi wa pili. Chukua kalenda ya ukutani, kila siku andika jua limetoka saa ngapi limezama saa ngapi. Kuanzia tarehe 22 Desemba mchana unarefuka, mwanzo hauoni, ila mwisho wa Januari unaongezeka karibu dakika sita kila siku, wiki moja ni nusu saa na zaidi, unaiona kwa macho yako mwenyewe imeandikwa. Na ikifika tarehe 20 Machi au 21, mchana wa Oulu na mchana wa Mtwara unakuwa sawa, masaa kumi na mbili kwa kumi na mbili, siku hiyo mimi nilimpigia mama saa ya magharibi tukaswali pamoja kila mtu kwake, yeye akitangulia kama saa moja maana saa zetu ziko mbele.

Jana mchana kaniletea picha. Yupo juu ya bahari iliyoganda, kavaa koti lote mpaka puani, jua liko nyuma yake chini kabisa, jekundu. Hakuandika kitu. Nikamjibu nusu saa au zaidi? Akajibu dakika kumi na tano dada, kesho nusu.