Kufunga kompresa ya upepo ndani ya gari la kulala

Baada ya kupata pancha mbili kwa siku moja kwenye njia ya mawe inayopanda kuelekea michoro ya miambani ya Kolo, niliamua kwamba gari letu la kulala, ambalo ni basi dogo tuliloligeuza nyumba, lazima libebe upepo wake lenyewe.

Kompresa ya volti 12 niliyoichagua hula takriban ampea 30, na hapo ndipo kazi ilipo. Waya mwembamba niliouweka mwanzoni ulipata moto hadi ganda likalainika vidoleni, huku mota ikizunguka kwa kuchoka kwa sababu volti zilikuwa zikipotea njiani. Niliung'oa, nikavuta waya wa milimita 10 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikafunga fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, na swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima kompresa kulingana na presha ya hewa, nikaiacha iamrishe rilei tu (swichi ya umeme inayopitisha mkondo mkubwa kwa kuamrishwa na mkondo mdogo), isibebe mzigo wote.

Tangi la upepo la lita 10 nimelifunga chini ya sakafu, na valvu ya kutolea maji ikiwa sehemu ya chini kabisa, kwa kuwa hewa ikishindiliwa huacha unyevu wake humo, hata katika kiangazi cha Dodoma. Kompresa yenyewe niliiweka ndani ya kabati lenye matundu, kwani vumbi letu jekundu huziba chujio upesi mno. Kila jioni ninafungua valvu ile, na maji ya rangi ya kutu hudondoka mchangani.