Ninavyojenga jiko banifu, linalotumia kuni chache, kwa udongo wa kichuguu

Anayeujua udongo ni mfinyanzi au mama anayekandika nyumba, kwa hiyo kwanza mwulize yeye. Mimi hutumia wa kichuguu kilichohamwa. Mchwa wamekwisha kuchambua chembe laini na kuzigandisha kwa mate, ndiyo maana hushika kuliko udongo wa shambani. Nasokota kipande chembamba na kukizungusha kidoleni. Kikikatika, udongo una mchanga mno. Kisha nafinyanga donge likauke kivulini. Likitoka nyufa, udongo wa mfinyanzi umezidi, naongeza mchanga.

Kwa ndoo 3 za udongo uliochekechwa natia ndoo 1 ya nyasi kavu zilizokatwakatwa, naukanyaga kwa miguu na kuufunika siku kadhaa uchachuke. Tabaka la ndani, linalozunguka moto, nalitilia unga wa mbao badala ya nyasi, na kwa wingi zaidi. Unga huo ukiungua huacha vijitundu vya hewa vinavyozuia joto lisitoroke. Ukuta mzito mtupu hunywa joto la kuni za mwanzo kabla sufuria haijapata kitu, ndipo watu hurudia mafiga na kusema jiko jipya ni uongo.

Kalibu yangu ni vipande 2 vya mgomba vyenye upana wa sentimita 12. Kimoja nakilaza kiwe mdomo wa kuni, kingine nakisimamisha juu ya ncha yake, kimo cha sentimita 30, kisha navizungushia udongo. Mgomba ni bora kuliko gogo kwa sababu husinyaa pamoja na udongo. Gogo halisinyai, na udongo unaolibana hupasuka. Udongo ukiwa mgumu ila bado una ubichi, naukatakata mgomba kwa kisu na kuutoa.

Penye sufuria ndipo wengi huharibu. Tumia sufuria ileile itakayopikiwa. Naikalisha juu ya vigingi 3 vya udongo vya sentimita 3, kisha naizungushia ukuta, nikiacha mwanya wa sentimita 1.5 hivi pande zote. Ukiupanua, joto hupita bila kuigusa sufuria. Ukiubana, moto hukosa pumzi na moshi humrudia mpishi. Mdomoni naweka kibati cha kuegemeza kuni, hewa ipite chini yake. Ukiujaza mdomo kuni hadi juu, umeliziba jiko, hata lingejengwa na nani.

Likaushe kivulini wiki 2 au 3, mbali na mvua. Moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, kwani maji yaliyobaki ndani yakichemka ghafla hubandua ukuta. Nyufa nyembamba zitatokea, si kasoro: ziloweshe, zijaze udongo uleule uliochanganywa na majivu, kisha pakaa kinyesi kibichi cha ng'ombe. Kuni pasua nyembamba, ziwe zimekauka kabisa.